Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: modeli za mabehewa ya ghorofa ya zamani ya Marekani

Haya maswali nimeulizwa mara nyingi sana, mengi yakitoka kwa ndugu zetu walioko Marekani na Ulaya ambako hizi modeli zinapatikana kirahisi, na machache kutoka Dar na Nairobi kwa watu wanaoanza. Nimeyaweka pamoja ili mtu asome kabla hajatoa hela, manake mabehewa haya ni ya bei na ukikosea kuchagua hayafai kwenye reli uliyonayo.

Behewa la ghorofa la zamani ndio lipi hasa?

Ninaposema ya zamani naongelea mabehewa ya abiria yenye sakafu mbili yaliyojengwa Marekani kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa 1970. Kabla ya hapo yalikuwepo mengine, Long Island Rail Road ya New York ilishakuwa na la kwake mwaka 1932, lakini yale viti vyake vilibanana sana juu na chini na hayakusambaa. Yaliyosambaa ni ya aina mbili, na hizi mbili ndio watu wanazichanganya kila siku. Ya kwanza ni behewa la roshani, la watu wa kwenda kazini na kurudi, hasa Chicago na San Francisco. Ya pili ni Hi-Level ya kampuni ya reli ya Santa Fe, behewa la safari ndefu kutoka Chicago mpaka Los Angeles. Ukizijua hizi mbili vizuri, maswali mengine yote ya skeli, kona, taa na rangi yanajijibu yenyewe.

Kwa nini unaliita la roshani?

Kwa sababu ndivyo lilivyo. Wamarekani wanaliita "gallery car" na ukitafuta madukani andika hivo hivo. Kampuni ya reli ya Burlington ndio iliyoanza nayo mwaka 1950, ikawapa kazi kiwanda cha Budd wakajenga mabehewa 30 ya chuma cha pua, kila moja watu 148. Shida yao ilikuwa watu wanaongezeka na treni haiwezi kuongezwa urefu bila kuongeza na majukwaa ya stesheni, so wakaenda juu.

Sasa angalia walivyolifanya. Juu hakuna sakafu nzima. Kuna roshani mbili, moja kulia moja kushoto, kila moja ina mstari wa kiti kimoja kimoja, na katikati pako wazi kabisa mpaka chini. Konda anapita chini tu kwenye ujia, anakata tiketi za waliokaa chini afu ananyoosha mkono juu anachukua za walioko roshani, hapandi ngazi hata moja. Kwenye ukingo wa roshani kuna vibanio vidogo vya bati, abiria anachomeka tiketi yake pale konda aione akiwa chini. Mimi nilikaa Aurora, mji wa pembeni ya Chicago, miaka kadhaa na nilikuwa napenda kukaa juu, kiti cha peke yako, miguu yako iko usawa wa vichwa vya watu, na unamwona konda anakuja kutoka mbali kofia tu kwanza.

Mlango uko katikati ya behewa, mpana, wa kusukuma pembeni. Kumbuka huo mlango, tutaurudia.

Na Hi-Level je?

Hi-Level ni kitu tofauti kabisa, lina sakafu mbili kamili. Budd walijenga mawili ya majaribio mwaka 1954, abiria wakayapenda, mwaka 1956 yakaja 47 mengine kwa ajili ya treni ya El Capitan: mabehewa 25 ya watu 72, mengine 10 ya watu 68, ya chakula 6 na ya mapumziko 6. Abiria wote wanakaa juu, na hata kutoka behewa moja kwenda lingine unapita juu. Chini ni vyoo, mizigo na mitambo. Ukikaa juu vile unaona jangwa la Arizona na New Mexico vizuri, na kelele za magurudumu zinabaki chini.

Behewa la chakula ndio lililonishika mimi. Jiko lote liko chini, ukumbi wote wa juu ni meza za watu 80 kwa mkupuo, na chakula kinapandishwa kwa lifti ndogo. Lilikuwa zito mpaka wakaliwekea bogi za ekseli tatu (hapa nikisema bogi nina maana ile fremu ya magurudumu ya chini, sio behewa zima kama wengi wanavyosema kwetu), wakati mengine yote yana ekseli mbili. Modeli nzuri inaonyesha hilo. Ukiona modeli ya behewa la chakula la Hi-Level ina ekseli mbili kwenye bogi, aliyeitengeneza hakuangalia picha.

Yale ya watu 68 yana tofauti gani na ya 72?

Yana ngazi upande mmoja wa kushuka. Treni ya El Capitan mbele yake kulikuwa na behewa la mizigo la kawaida, la sakafu moja, na lile la mizigo pamoja na vitanda vya wafanyakazi. Sasa mtu anayetoka kwenye Hi-Level atapitaje wakati mlango wake uko juu na wa mwenzake uko chini? Ndio wakajenga haya ya 68, upande mmoja mlango uko juu na upande mwingine uko chini. Kwenye modeli hakikisha upande wa chini unatazama mabehewa ya sakafu moja, nimeona treni nzuri sana za watu zimepangwa kinyume.

Na kitu kingine ambacho ukikiweka treni yako inabadilika: lile behewa la mizigo na vitanda, Santa Fe waliliongezea kipande cha bati kwenye paa upande wa nyuma, kinapanda taratibu mpaka kimo cha Hi-Level linalofuata. Hakina kazi yoyote zaidi ya kufanya mstari wa paa usikatike ghafla. Ni kipande kidogo sana kwenye modeli, lakini ukiiangalia treni kwa pembeni jicho linaenda pale pale.

Nitajuaje modeli ninayoiona ni ya miaka gani?

Angalia ubavu wake, usisome boksi tu. Nilishawahi kununua kwenye duka moja behewa limeandikwa ni la miaka ya 1950, lilipofika nikakuta ni modeli ya behewa la Kijapani la Nippon Sharyo, ambayo yalianza kufika San Francisco mwaka 1985. Lilikuwa zuri ila halikuwa nililolilipia, na kulirudisha ilikuwa kazi ya wiki nyingi.

Mlango mpana katikati na madirisha mistari miwili, hilo ni la roshani. Mlango mdogo wa chini, madirisha makubwa juu na chini karibu hakuna madirisha, hilo ni Hi-Level. Ukishajua ni la roshani sasa angalia ngozi yake. Ya Burlington ya 1950 na ya Milwaukee Road ya 1961 ni kazi ya Budd, chuma cha pua chenye mifereji mifereji, hakipakwi rangi. Ya Chicago & North Western yaliyoanza 1955 ni laini, yamepakwa njano na kijani. Ya Southern Pacific ya San Francisco nayo yalianza 1955, laini vile vile, rangi ya kijivu, na hayo yalikuwa yanavutwa na injini kubwa za Fairbanks-Morse Train Master. Rangi ya njano na kijani kwenye behewa lenye mifereji ni dalili kwamba kiwanda kimechukua bodi moja kikapaka rangi za kampuni zote. Wengine hawajali, mimi najali, sababu nataka nikiangalia nione kile kilichokuwepo.

Superliner za Amtrak zinahesabika?

Hapana, hizo ni mabehewa ya ghorofa ya Amtrak, kampuni ya taifa ya treni za abiria Marekani, ni watoto wa Hi-Level. Zilianza kazi 1979. Ila Hi-Level nyingi ziliingia Amtrak mwaka 1971 na baadaye zikafungwa pamoja na Superliner, kwa hiyo ukitaka treni ya miaka ya 1980 mwanzoni unaweza kuchanganya bila kukosea. Yale ya mapumziko yalidumu zaidi, machache yalikuwa bado yanafanya kazi kwenye treni ya Coast Starlight mpaka 2018.

Nichukue skeli gani, HO au N?

Pima nyumba yako kwanza. Behewa la kweli lina futi 85, yani karibu mita 26. Kwenye HO ambayo ni 1 kwa 87 linakuwa sentimita 30 hivi, na kwenye N ya 1 kwa 160 ni sentimita 16. Mabehewa saba ya HO ni mita mbili na zaidi bila kuhesabu injini, na treni ya mita mbili kwenye meza ya mita mbili na nusu inakimbiza mkia wake, haipendezi. Kama una chumba, HO, sababu roshani ya ndani unaiona kwa macho bila kuinama na unaweza kuweka watu. Kama unaishi apatimenti chukua N, utapata treni nzima yenye urefu wake halali.

Kona yangu ni ya inchi 18, litapita?

La HO, usijaribu. Hiyo inchi 18 ni nusu kipenyo cha reli zinazokuja kwenye seti za kuanzia, sentimita 46 kama hivi, ni za mabehewa mafupi. Behewa la futi 85 linahitaji angalau inchi 24, sentimita 61, na hapo linapita tu lakini linaonekana baya, ncha zinatoka nje ya reli na katikati linaingia ndani. Mimi nasema inchi 30 kwenda juu. Kwa N anzia inchi 11 na ukiweza weka 15 au zaidi.

Afu watu wanasahau kwamba behewa refu likipita kwenye kona linachukua nafasi pembeni, kwa hiyo jukwaa la stesheni, nguzo, na behewa la reli ya pili vyote viko hatarini. Funga penseli katikati ya behewa na nyingine kwenye kona yake, lisukume kwa mkono taratibu kona nzima, utapata mistari miwili juu ya mbao. Chochote kilicho ndani ya mistari hiyo kitagongwa.

Na kimo. Haya mabehewa ni marefu kwenda juu, Hi-Level ni futi 15 na inchi 6 kutoka kwenye reli, ambayo kwa HO ni kama sentimita 5.4, na Superliner inazidi kidogo. Kwenye mahandaki ya HO mimi naacha sentimita 8 na kwa N naacha 4.5. Handaki la kwanza nililojenga nililipima kwa behewa la kawaida, Hi-Level lilipopita likakwaruza paa mwanzo mpaka mwisho, na ule mkwaruzo kwenye rangi ya fedha haufutiki.

Nani anatengeneza?

Hi-Level za HO, Walthers walitoa familia nzima ya El Capitan, na za N ni Kato. Za roshani kwenye N Kato wanazo ila ni zile za Nippon Sharyo nilizosema, sio za 1950, kwa hiyo nunua ukijua. Athearn wana mabehewa ya ghorofa ya Bombardier ya HO na N, yale ya pembe nane yaliyoanzia Toronto miaka ya 1970, mazuri sana lakini ni habari nyingine. Za zamani kabisa za roshani kwa HO wakati mwingine utaishia kwenye shaba ya njano, zilizotengenezwa kwa mkono Japani na Korea kwa idadi ndogo, na bei yake ni ya kukaa chini kufikiria. Hizi zote zinatoka kwa msimu, zikiisha zimeisha mpaka watoe tena, kwa hiyo soko la mitumba ndio rafiki yako. Ukinunua mtumba omba picha ya chini ya behewa na picha ya kila ncha, manake ngazi na vishikio ndio vinavyovunjika na muuzaji anapiga picha ya ubavu tu.

Linapinduka kwenye kona, tatizo nini?

Karibu kila mara ni uzito. Behewa refu kwenda juu likiwa jepesi chini, kitovu cha uzito kinapanda, na treni ikivutwa kwa nguvu kwenye kona lile la katikati linalala kwa ndani. Wamarekani wa NMRA, chama cha wapenzi wa modeli za reli, wana kanuni yao, kwa HO ni aunsi moja ujumlishe nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Behewa letu linatoka kama gramu 195. Kwa N ni nusu aunsi na 0.15 kwa kila inchi, gramu 40 hivi. Lipime kwenye mzani wa jikoni wa dijitali, na kinachopungua kiongezee chini kabisa juu ya bogi, usiweke juu hata kama nafasi ipo. Kwa Hi-Level ni rahisi sababu chini pamefungwa hapaonekani, unajaza vipande vya madini ya risasi vilivyofungwa vizuri kwa gundi. Kwa la roshani unaweka chini ya sakafu.

Kama uzito uko sawa angalia kapla, yani vile viungio vya kuunganisha behewa na behewa. Zilizofungwa kwenye bodi zinataka kona kubwa, zilizofungwa kwenye bogi zinavumilia kona ndogo lakini zikisukumwa nyuma zinaangusha.

Kusukumwa nyuma tena? Treni si inavutwa?

Hii ndio raha ya treni za Chicago. North Western kuanzia kama 1960 waliamua injini isizungushwe ikifika mwisho wa njia. Injini inabaki upande mmoja siku zote, ikienda huku inavuta, ikirudi inasukuma, na dereva anahamia behewa la mwisho ambalo lina chumba chake kidogo kule juu, kwenye ncha, juu ya mlango. Kwa mwenye meza ndogo ni zawadi, huhitaji sehemu ya kuzungushia injini wala mzunguko, reli moja ya kwenda na kurudi ukutani inakutosha, na inakuwa sawa kabisa na ukweli. Weka dekoda ndogo (kile kifaa cha kupokea amri za kidijitali) kwenye behewa la dereva ili taa nyeupe iwake likiwa mbele na nyekundu likiwa nyuma. Sukuma polepole, na usiweke kona mbili zinazopingana bila reli iliyonyooka katikati yake, angalau urefu wa behewa moja.

Niko Mombasa, nikiagiza kutoka Marekani itafanya kazi?

Treni yenyewe itafanya kazi. Kinacholeta balaa ni kile kiboksi cha umeme, cha Marekani kinataka volti 120 na kwetu ukutani ni 230 mpaka 240, ukichomeka hivi hivi kinaungua. Nunua kisicho na shida ya volti au transfoma ya kushusha. Na kwa watu wa pwani chukua reli za nikeli silva, sio za chuma, hewa ya chumvi inakula chuma mpaka umeme haupiti. Treni isipochezwa irudishe kwenye boksi pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

Rangi ya fedha naisafishaje?

Kitambaa laini cha miwani, kikavu. Usitumie spiriti, inakula maandishi. Shika behewa kwa paa na chini, alama za vidole ubavuni zinabaki.

Taa na watu ndani ni lazima?

Kwa Hi-Level sio lazima, madirisha yake ni makubwa lakini ndani ni viti tu, taa ya kawaida inatosha. Kwa la roshani mimi nasema ndio, ni lazima, sababu bila taa huoni kwamba katikati pako wazi na behewa zima linageuka boksi lenye madirisha mengi. Weka mkanda wa LED katikati ya dari, rangi ya joto sio ile nyeupe ya bluu, mwanga utashuka wenyewe mpaka chini kupitia uwazi kama ilivyokuwa. Ongeza kapasita ndogo ili taa zisipepese kwenye makutano ya reli.

Watu waweke wachache, wakae, wengi wawe upande mmoja wa dirisha wanasoma gazeti, hiyo ndio ilikuwa hali. Wa plastiki wengi wana kimo kikubwa, wakate miguu kidogo kwa kisu ndipo wakae vizuri kwenye kiti. Juu weka mmoja mmoja.

Hayo ya kweli naweza kuyaona wapi?

Illinois Railway Museum pale Union, Illinois, wana mabehewa ya roshani, nenda na futi ya kupimia na kamera. Na Chicago mpaka leo bado utayapanda ya namna hiyo kwenye treni za Metra, ingawa wameshaagiza mapya ya kuchukua nafasi. San Francisco yameisha, Caltrain walihamia treni za umeme 2024, na sehemu ya mabehewa yao ya Kijapani yalipangiwa kwenda Lima, Peru.

Nina hela ya behewa moja tu, nichukue lipi?

La roshani, lenye chumba cha dereva kama utalipata. Linasimama vizuri hata peke yake kwenye rafu na halihitaji treni nzima kueleweka. Weka taa, weka abiria watano, na konda mmoja chini kwenye ujia, mkono juu, usawa wa ukingo wa roshani. Konda wa namna hiyo hauzwi, mimi nilimchukua mtu wa kawaida aliyesimama nikamkata mkono begani nikaugeuza nikagundisha, afu nikapaka kofia nyeusi.